Ijumaa Moja Agra

Tangu warudi kutoka India, Mwanaharusi alikuwa amemsikia mumewe akisimulia habari za Taj Mahal mara nyingi mno, hata alijua ni wapi atakohoa, wapi atanyanyua mkono kuonyesha urefu wa minara, na wapi atashusha sauti.

Jumamosi ile alikuwa jikoni kwao, mtaa wa Bertrams, Johannesburg, anakaanga vitumbua kwenye jiko la gesi kwa sababu umeme ulikatika tangu asubuhi. Maji nayo yalikuwa hayajatoka siku ya pili. Sebuleni walikaa wageni wawili waliokuja kumjulia hali Selemani: dada yake Shufaa, na Pandu, Mzanzibari anayeshona naye makochi kwenye karakana moja kule Jeppestown.

"Ukiligusa lile jiwe," Selemani alishusha sauti, "wallahi, ubaridi unaingia mpaka kwenye mfupa."

Mwanaharusi aligeuza kitumbua kwa hasira, mafuta yakamrukia kidoleni. Jiwe lipi? Mumewe hakugusa jiwe lolote.

Walikwenda Delhi kwa ajili ya moyo. Mshipa mmoja wa Selemani ulikuwa umeziba, ikawa hawezi kupanda ngazi za karakana bila kusimama njiani mara mbili. Wakamzibua, na siku ya nane daktari akamwambia atembee polepole, asipande ngazi ndefu, asinyanyue vitu vizito, wala asikasirike. Selemani aliyasahau yote isipokuwa la mwisho. Hilo alilishika kama hirizi, na kila mkewe alipotaka kumwambia neno, alilitoa.

Kwa kuwa walibakiwa na siku chache kabla ya ndege, waliamua kutembea. Jumatano walikwenda kwenye kaburi la mfalme Humayun, palepale Delhi. Jengo lile la mawe mekundu limeinuliwa juu ya jukwaa pana, na ngazi zake zimesimama wima kama za kupandia darini. Selemani alizitazama, akachagua kivuli kwenye nyasi, akakaa.

"Nenda wewe," alisema. "Mimi naliona vizuri hapahapa."

Mwanaharusi akapanda peke yake. Alizunguka vyumba vyote, akasimama chini ya kuba, akashangaa jinsi jengo kubwa namna ile lilivyobeba kaburi dogo tu la jiwe jeupe lisilo na pambo. Kibao kilieleza kwamba aliyesimamia ujenzi alikuwa mjane wake. Alishuka haraka ili amweleze mumewe. Alimkuta amelala, kofia imefunika uso.

Halafu ikaja safari ya Agra. Mwanaharusi alitaka waende Alhamisi. Selemani alitaka Ijumaa, kwa sababu moja: aswali swala ya Ijumaa ndani ya msikiti wa Taj Mahal, akirudi Joburg awaambie watu. Kijana wa mapokezi hotelini aliwaambia kwa Kiingereza cha taratibu kwamba siku ya Ijumaa pamefungwa kwa wageni.

"Haelewi anachosema," Selemani alisema. "Msikiti umo ndani. Utafungaje msikiti siku ya Ijumaa?"

Walifika saa tano asubuhi, baada ya saa nne barabarani, Selemani amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na mswala umekunjwa kwapani. Geti lilikuwa limefungwa. Askari mwenye masharubu alieleza kwamba Ijumaa wanaingia wanaoswali tu, nao wawe wakazi wa Agra wenye vitambulisho. Selemani alisema yeye ni Mwislamu. Askari alisema ameona. Selemani alisema ametoka Afrika, amepasuliwa moyo. Askari akampa pole. Selemani akajaribu maneno ya Kihindi aliyoyaokota kwenye filamu zamani huko Tanga, na kwa kuwa mengi yalikuwa ya mapenzi, askari wa pili akacheka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwanaharusi alimvuta mumewe kwa mkono wa kanzu mpaka kwenye gari, huku akimkumbusha daktari.

Dereva, mtu mpole, aliwapeleka ng'ambo ya mto kwenye kaburi la Itimad-ud-Daulah, ambalo malkia Nur Jahan aliwajengea wazazi wake. Selemani alikataa kushuka. "Sikuja kuona kaburi la mtu mwingine," alisema, akafunga mlango. Mwanaharusi akaingia peke yake kwa mara ya pili. Kisha dereva akawapeleka kwenye bustani iliyo ukingoni mwa mto, ambako Taj Mahal huonekana kwa nyuma. Siku ile moshi na ukungu vilikuwa vimetanda. Lilionekana kama kabati lililofunikwa shuka katika nyumba ya watu waliosafiri. Selemani alilitazama dakika tano, akasema macho yanamwasha, akarudi garini. Njiani alimsimamisha dereva kwenye duka la mpiga picha, akapigwa picha mbele ya turubai lililochorwa Taj Mahal, anga la bluu na ndege wawili.

Picha hiyo sasa ilining'inia karakanani Jeppestown. Mwanaharusi alinyamaza. Mgonjwa anajifurahisha, alijiambia, haimdhuru mtu.

Ndipo Falonne akaingia.

Falonne alikuwa Mkongo wa Bukavu, mwenye saluni mtaa wa pili. Alibisha hodi, akaamkia wote, akakaa ukingoni mwa kochi bila kuvua mkoba.

"Papa Karimu, mi niko na swali," alisema. Karimu ni mtoto wa kwanza wa Selemani na Mwanaharusi, anayefanya kazi Durban. "Mama yangu Jeanne tunamupeleka Delhi, ile hospitali mulituambia. Tukifika kule, watamupasua jicho Jumatatu. Alhamisi anatoka, Jumamosi tunarudi. Donc tunabakia na Ijumaa moja tu. Billet ya ndege nitalipa Jumatano hii. Mama anasema, jicho likipona, kitu cha kwanza anataka kuona ni Taj Mahal. Miaka mingi anasema hivyo. Ile Ijumaa itafaa?"

Jikoni Mwanaharusi alisimama, mwiko mkononi. Sasa, alijiambia. Sasa atasema.

"Ijumaa!" sauti ya Selemani ilijaa sebule. "Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Hukuti hata foleni."

Mwanaharusi alitoka na sahani ya vitumbua, akaitua mezani kwa kishindo. "Baba Karimu, hebu kumbuka vizuri. Ijumaa?"

"Nakumbuka vizuri sana," Selemani alisema, bila kumtazama.

"Hebu kumbuka tena."

"Mama Karimu, wageni hawana chai."

Falonne aliwatazama wote wawili, akatabasamu kama anayeona ugomvi mdogo wa wazee, akashukuru, akaondoka. Wateja walikuwa wanamsubiri.

Wageni walipokwisha kutoka, Mwanaharusi hakungoja hata kutoa vikombe.

"Umemtuma mtu na mama yake mgonjwa kwenye geti lililofungwa."

"Nitampigia."

"Mpigie sasa hivi."

"Simu haina chaji. Umeme wenyewe huo."

"Chukua yangu."

Selemani aliweka mkono kifuani. "Daktari alisema nisikasirike."

"Hukasiriki wewe! Mimi ndiye ninayekasirika. Mbona daktari hakusema lolote juu yangu?"

Jumapili Selemani alisema Falonne yuko kanisani na ibada yao haiishi mpaka jioni, jambo ambalo lilikuwa kweli. Jumatatu alisema saluni imefungwa, kana kwamba simu inahitaji saluni iwe wazi. Jumanne alisema amesahau, atampigia akitoka msikitini. Akatoka msikitini, akala, akalala kidogo, akaamka, akauliza kama maji yamerudi. Mwanaharusi alimtazama mtu huyu aliyeishi naye miaka thelathini na moja, akahisi hamu ya kumpiga kwa mto wa kochi.

Jumatano asubuhi alijifunga mtandio akaenda saluni mwenyewe.

Palikuwa na wanawake watano. Wawili walikuwa wanasukwa, mmoja kichwa chake kimo ndani ya kikaushio, wengine wanasubiri zamu. Falonne alikuwa anasuka rasta nyembamba, vidole vinakwenda bila yeye kuvitazama.

"Falonne, naomba tuzungumze nje kidogo."

"Ee Mama Karimu, mikono imejaa. Semeni tu, hawa ni ndugu."

"Ni jambo la faragha."

"Kama ni la India, wote wanajua naenda. Semeni."

Mwanaharusi aliwatazama wale wanawake, nao wakamtazama. Aliifikiria saa. Wakati wowote Falonne angelipa tiketi.

"Ijumaa Taj Mahal hufungwa," alisema. "Wageni hawaingii. Sisi tulikwenda Ijumaa, hatukuingia. Baba Karimu hakuingia."

Vidole vya Falonne vilisimama.

"Hakuingia wapi?"

"Hakuingia kabisa. Tulifukuzwa getini. Ile picha ya karakanani ni ya turubai."

Mwanamke wa kwenye kikaushio, ambaye Mwanaharusi alidhani hasikii, alitoa kichwa nje. "Turubai?" Kisha akaangua kicheko, na wengine wakamfuata, mmoja akipiga paja, mwingine akisema eish, eish, na lile jiwe la baridi je? Inaelekea hakuna mtaani ambaye hakuwa amesikia habari za jiwe la baridi.

Falonne peke yake hakucheka.

"Mama Karimu," alisema polepole, "mulijua tangu Jumamosi?"

"Nilijua."

"Mulikuwa pale na vitumbua. Siku ine mulinyamaza."

Mwanaharusi alifungua mdomo ili aseme kwamba alimngoja mumewe aseme mwenyewe, kwamba hakutaka kumwaibisha, kwamba ni mgonjwa. Yote yalikuwa kweli, na yote yalionekana madogo mbele ya uso ule.

"Nilinyamaza," alisema. "Nisamehe, mdogo wangu."

Falonne alifuta mikono kwa taulo, akachukua simu, akampigia wakala wa tiketi. Alizungumza Kifaransa na Kiingereza vikichanganyika, akakunja uso, akasubiri, akazungumza tena. Nafasi za kurudi Jumapili zilikuwapo. Wangeweza kwenda Agra Jumamosi. Alipokata simu alivuta pumzi kwa nguvu.

"Eh bien," alisema. "Sasa muniambie wenyewe, mulichoona kwa macho yenu. Papa Karimu simuulizi tena."

Mwanaharusi alipofika nyumbani, habari ilikuwa imeshampita, imefika karakanani. Saa kumi jioni Selemani aliingia na kiberiti cha hasira usoni, akatupa funguo mezani.

"Unajua Pandu amenipokeaje baada ya chakula cha mchana? 'Karibu bwana turubai.' Mbele ya wateja! Wakongo wawili walikuja kuitazama ile picha. Hawakuja kwa kochi, walikuja kwa picha! Mmoja anaikwaruza na kucha kuona kama wale ndege ni rangi."

"Nilikupa siku nne."

"Ungenipa tano."

"Leo ndiyo alikuwa analipa tiketi!"

"Mke gani anakwenda kumvua nguo mumewe saluni? Saluni, Mama Karimu! Heri ungetangaza redioni."

"Na mume gani anamdanganya mgonjwa wa jicho?"

Selemani aliketi. Kwa muda alisugua goti lake kama anayelitafutia maumivu.

"Tangu turudi," alisema, "kila anayeingia mlango huu anauliza moyo. Moyo vipi, kifua vipi, dawa unakunywa. Wananiangalia kama waliokuja kuniaga. Shufaa akikaa hapo machozi yanamlengalenga kabla hata sijasema neno. Nikianza Taj Mahal, wanasahau. Wanakaa kitako, wanauliza, wanacheka. Kwa nusu saa mimi ni mtu aliyesafiri."

"Ungewaambia ulivyomwimbia askari maneno ya filamu. Wangecheka zaidi."

"Wangenicheka mimi."

"Na leo?"

Selemani akaanza kulisugua goti tena.

Mwanaharusi alijua kwamba hapa ndipo mke mwema angelainika. Alimwonea huruma, ndiyo. Lakini kitu kingine kilikuwa kimemkaba tangu Delhi, na sasa kilitoka chenyewe.

"Na mimi je? Mimi niliingia. Kote ulikokaa kwenye nyasi na kwenye gari, mimi niliingia. Watu wanakuja hapa miezi miwili, unasimulia ambacho hukukiona, mimi nilichokiona nakipika jikoni. Hujaniuliza hata siku moja: Mwanaharusi, ulikuta nini mle ndani?"

Selemani alimtazama. Ilikuwa muda mrefu hajasikia mkewe akijitaja kwa jina.

"Ulikuta nini?"

"Sina hamu sasa," Mwanaharusi alisema, akachukua ndoo mbili. Gari la maji la manispaa lilikuwa limesimama pembeni ya robot, zile taa za barabarani, na foleni ilishaanza.

Selemani akamfuata, akataka kumpokea ndoo. Mwanaharusi akamkatalia. Selemani akazing'ang'ania. "Ni tupu!" alisema. "Hata daktari anajua ndoo tupu haina uzito!" Mkewe akamwachia moja. Wakasimama kwenye foleni nyuma ya mama mmoja wa Kizulu mwenye madumu sita kwenye toroli ya dukani.

Foleni haikusogea. Labda ndiyo sababu Mwanaharusi akaanza kusema.

"Lile la ng'ambo ya mto ni dogo," alisema. "Ukiingia unainama kidogo. Kuta zote zimechimbwa, halafu wamejaza mawe ya rangi kwenye vile vishimo. Maua, miti, birika, vikombe. Mpaka mtungi wenye shingo nyembamba."

"Kama yale mapambo ya..."

"Usinikatize."

"Nilitaka kusema tu kwamba..."

"Unataka kusikia au unataka kusimulia?"

Mama wa Kizulu aligeuka akawatazama, ingawa hakuelewa neno.

"Madirisha yao ni ya jiwe," Mwanaharusi aliendelea. "Jiwe jeupe limetobolewatobolewa kama chujio. Mwanga unaingia kupitia vile vitundu unakaa sakafuni. Makaburi mawili yako katikati, mke na mume, bega kwa bega. Binti yao ndiye aliyewajengea. Na Humayun alijengewa na mkewe. Nikawaza, kumbe watu wote wanakimbilia lile moja ambalo mume alimjengea mkewe, wanasahau haya ya wanawake. Nilikaa pale mpaka mlinzi akanisogelea kuuliza kama naumwa. Nililia, Baba Karimu. Wewe ulikuwa kwenye gari na mswala wako, nami sikujua utafika mwaka mwingine au hutafika."

Foleni ikasogea hatua mbili. Selemani alisogeza ndoo kwa mguu.

"Hukuniambia," alisema baadaye.

"Ulikuwa umenuna."

Selemani alikubali kwa kichwa. Kisha akasema kwamba bado anaona yule askari alikosea, kwamba msafiri ana haki yake katika dini, na kwamba akirudi Agra atamtafuta. Mwanaharusi alifumba macho akamwomba Mungu subira.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi mchana, simu ya Mwanaharusi iliita. Ilikuwa ya video. Uso wa Falonne ulijaa kioo, una jasho, na nyuma yake watu walipita kama waliofunguliwa zizi.

"Mama Karimu! Tumeingia! Lakini ni shida tupu! Biskuti za mama wamemunyang'anya getini, eti chakula hakiingii. Foleni saa mbili! Viatu wametuvalisha mifuko, wangu umeshapasuka. Kila mutu anapiga picha, hakuna anayetembea!"

"Mama anaona?" Mwanaharusi aliuliza.

"Anaona visogo!"

Selemani, ambaye hakuna aliyemwita, alikuwa ameshakaa ubavuni mwa mkewe na kichwa chake kimeingia kwenye picha. "Geuza simu!" alipiga kelele. "Falonne, geuza simu tuone!"

"Papa Karimu, nyinyi si mulishaona?" Falonne alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya saluni, akacheka.

Akageuza. Yalionekana mabega, mwavuli, mkono wa mtu, halafu kwa sekunde chache jengo lenyewe, karibu, jeupe, na upinde mkubwa wa mlango. Selemani aliacha kupumua kwa sauti.

"Kumbe mlangoni pana maandishi," alisema. "Tazama, yamezunguka mlango wote. Sogeza, Falonne. Sogeza nisome!"

Picha ikaganda. Ikawa vipande vipande vya kijivu. Ikazimika.

"Mtandao gani huu!" Selemani alitikisa simu. "Mpigie. Mpigie tena."

"Mpigie wewe."

Akapiga mara tatu, Falonne hakupokea. Jioni ndipo alipoeleza kwa ujumbe wa sauti, huku anahema kwa hasira: alipogeuka kuuonyesha mlango, mama yake alikuwa ameponyoka. Yeye na askari wawili walimtafuta karibu saa nzima. Wakamkuta bustanini, mbali na watu, amekaa juu ya ukingo wa jiwe, miwani ya daktari ameivua ameiweka mapajani, anatazama. Falonne akamgombeza. Askari wakamgombeza. Mama Jeanne akawaambia wasisimame mbele yake, wanamziba, na hakuinuka mpaka walipoanza kufunga.